Bomba la Pikipiki ya Fundi Casimir

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa saba

Imefika! Pikipiki. Yangu! Iko uani karibu na jiko. Mimi niko ndani, mlango nimeufunga.

Si kama hizi nyembamba zinazobeba watu na mihogo hapa Baraka. Hii ni nene, ndefu, tumbo chini, kiti kama kochi. Mtu anaikalia miguu mbele, kama waziri. Ilikuwa ya Azarias, mfuga ng'ombe wa Bibokoboko. Alisema kule milimani mawe yanaikwaruza tumbo, na ng'ombe wake wakiiona wanagoma kukamuliwa. Nikampa cherehani yangu ya pili na suti tatu. Akaondoka haraka sana. Sikuipenda ile haraka.

Sababu ya yote ni Patrice. Fundi wa nguo kama mimi, duka lake linatazamana na langu. Tangu apate kipikipiki chake anawapelekea wateja nguo mpaka Lweba. Mimi napeleka kwa miguu. Na sasa mama Pulchérie, mkubwa wa bamama wa kwaya, anatafuta fundi wa kushona sare arobaini. Anataka fundi mwenye mwendo, amesema. Mwendo atauona.

Kuna tatizo dogo. Sijawahi kuendesha kitu chenye injini. Maisha yangu yote nimekaa kwenye mashine isiyoondoka mahali pake.

Leo nimeikalia tu, imezimwa. Ikaanguka. Juu yangu! Mke wangu Aline na majirani wawili wakaninyanyulia. Aline akauliza nilikuwa nakimbia kwa kasi gani. Nikasema nilikuwa naipima uzito.

Jumanne, tarehe 4

Somo la kwanza. Mwalimu: Néhémie, fundi vyuma wa mtaa wetu. Anachomelea milango, anatengeneza pikipiki, hacheki kamwe. Akanionyesha breki, gia, na ambreyaji, yaani kile kishikio cha mkono wa kushoto. Kiachie polepole, akasema.

Nikakiachia. Polepole sikuiona ilikopita.

Nilipofumbua macho nilikuwa katikati ya dagaa wa mama Pulchérie, aliowaanika kwenye turubai. Mama Pulchérie akasema mwendo ameuona. Sasa anataka kujua kama kuna pia kusimama.

Patrice alikuwa mlangoni kwake, mkasi mkononi. Alinipungia ule mkasi.

Bado natoa dagaa kwenye kola huku naandika. Samahani kwa mwandiko.

Jumatano, tarehe 5

Nimegundua jambo! Siogopi. Ni kwamba hii pikipiki ilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Hata suti, ukivaa ya mwenzako, utatembea kama mwizi. Dawa ni kuirekebisha.

Nimeirekebisha mchana kutwa. Kiti: nimekivalisha mahameli nyekundu. Nyuma: mto wa kuegemea. Kila upande: mfuko wa ngozi ya bandia, kwa ajili ya sare arobaini. Kwenye vishikio: mashada ya nyuzi za dhahabu, zinaning'inia mpaka magotini. Aline akauliza pazia la sebuleni limekwenda wapi. Nikasema liko safarini.

Usukani Néhémie ameupandisha, kwa amri yangu, mpaka usawa wa masikio. Sasa nikiushika nafanana na mtu aliyesimamishwa na basoda, yaani wanajeshi, mikono juu. Binti yangu Merveille alicheka mpaka akakaa chini. Hajui mitindo.

Nimeendesha hatua mia moja. Miguu chini, nikitembea nayo. Inahesabika.

Alhamisi, tarehe 6

Usiku kucha niliwaza. Kinachoniogopesha hasa si kuanguka. Ni watu. Watu wapo barabarani! Wanavuka, wanasimama kuamkiana, wanaweka mabeseni. Breki sina imani nayo. Honi inataka kidole, na vidole vyangu vyote vina kazi.

Lakini kama pikipiki yenyewe ingepiga kelele? Watu wangesikia kwa mbali, wangejitenga wenyewe, mimi ningepita katikati kama Musa baharini.

Nikamwambia Néhémie alikate lile bomba la moshi, na lile tumbo linalomeza sauti alitoe. Akaweka msumeno chini.

“Fundi,” akasema, “hapa kwetu Fizi batu iko na masikio ya vita. Wacha hii kitu.”

Nikamjibu yeye ni mtu wa vyuma, mambo ya watu aniachie mimi. Akakata. Hatukuijaribu, petroli ilikuwa imekwisha. Kesho Ijumaa, siku ya soko. Mama Pulchérie atakuwepo, na Patrice pia. Nimepiga pasi suruali.

Ijumaa, tarehe 7

Mungu wangu.

Nimekaa chini ya meza. Najua hakuna sababu ya kukaa chini ya meza. Najua kuliko mtu yeyote Baraka, na bado nimekaa.

Niandike kama ilivyokuwa. Saa nne asubuhi nilifika pembeni ya soko. Nilikuwa naenda vizuri! Miguu juu kabisa! Mbele yangu wamama wawili na beseni la mawese. Nikaachia mafuta kwa hofu, nikayarudisha kwa hofu zaidi. Bomba likakohoa.

PAA! PAA-PAA!

Mtu akalia: “Masasi! Banapiga masasi!”

Na mimi, mwenye pikipiki, niliyeikalia, niliyelikata lile bomba, nilifanya nini? Nilikimbia! Niliiacha ikianguka, nikajitupa kwenye mtaro. Nilidhani risasi zinanilenga mimi. Huku nyuma yangu, PAA!

Mtaroni nikamwangukia mtu. Patrice. Alikuwa amekumbatia jora la kitambaa kama mtoto mchanga. Akanishika mkono, akaubana.

“Casimir, tunakufa leo,” akasema. “Unisamehe. Mi ndiye nilisemaka suruali zako zinapasuka.”

“Zinapasuka wapi?”

“Katikati. Nilisemaka kwa batu yote. Unisamehe, ndugu yangu.”

Nikamsamehe. Nililia hata. Tukaanza Baba Yetu. Tulipofika kwenye mkate wa kila siku, pale barabarani injini ikakohoa tena, PAA, halafu ikazimika yenyewe. Hapo nikaijua ile sauti.

Patrice akanong'ona kwamba wamenyamaza, sasa tukimbie. Akaruka na jora lake begani, akapotea. Mimi nikabaki nimelala. Nikiinua kichwa tu naona soko lote tupu. Nyanya zimekanyagwa. Ndala, mamia ya ndala, bila miguu. Mama Pulchérie alikuwa amekaa katikati ya barabara, kitenge kimeraruka, goti linatoka damu. Watu wakamchukua mabegani, wakakimbia naye.

Nikaisukuma pikipiki hadi nyumbani kwa njia za nyuma. Hakuna aliyeniona. Hakuna aliyebaki wa kuniona.

Aline alikuwa anafunga magodoro. Mama yake alishavaa viatu. Nikamwambia hayakuwa masasi. Akauliza nimejuaje. Nikasema nimehisi tu. Akaniambia mwaka ule wa kwanza wa kukimbia vita, baba yake naye alihisi tu, akabaki, na hawakumwona tena. Akabeba godoro kichwani, akamshika Merveille mkono, wakaenda na msururu wote kwenye barabara ya Lweba.

Ningeweza kusema. Neno moja tu. Mdomo ulifunguka, nikasema wasisahau maji.

Jumamosi, tarehe 8

Mtaa uko kimya. Kuku tu. Nimekwenda chooni mara nne.

Asubuhi basoda walipita nyumba kwa nyumba, wanamtafuta aliyefyatua. Kwangu waliuliza nimesikia nini. Nikasema mimi ni kiziwi kidogo. Wakauliza kwa sauti ya chini sana kama nina mke. Nikajibu ndiyo. Wakaangaliana. Wakaondoka, lakini sikupenda walivyoangaliana.

Saa tano Néhémie akaja. Hakukimbia, alijua. Akaniambia Patrice wamemkamata. Watu walimwona jana akikimbia na kitu kirefu begani, kimefungwa kwa nguo. Jora la kitambaa! Anakana, na hawamsikilizi.

Naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Wazo la kwanza: sare arobaini ni zangu. Wazo la pili lilikuwa ule mkono mtaroni, ulivyobana. Nikaenda chooni mara ya tano.

Nikatunga mpango. Barua isiyo na jina! Nikaandika kwamba sauti ilitoka kwenye pikipiki ya mtu asiyejulikana. Néhémie akaisoma, akasema Baraka nzima inaujua mwandiko wangu, uko kwenye risiti zao. Na pikipiki nene yenye pazia iko moja tu.

Mpango wa pili: kukimbilia Kilembwe. Kwa pikipiki? Nikauacha.

“Fundi,” Néhémie akasema, “mi ndiye nilikata. Twende wawili.” Akashika usukani upande mmoja. Nikashika upande wa pili. Mikono juu wote wawili.

Kambini mkubwa wa basoda hakuamini. Pikipiki haiwezi kulia hivyo, akasema, nionyeshe. Nikamsihi kwanza awaambie vijana wake. Akasema basoda hawaogopi pikipiki. Nikawasha. Nikaachia mafuta, nikayarudisha.

PAA!

Walilala wote. Mmoja aliruka ukuta. Mkubwa alikuwa chini ya meza yake, karatasi zinamdondokea. Na mimi? Chini vilevile, nyuma ya Néhémie. Sijazoea.

Mkubwa akatoka, akajipangusa vumbi taratibu. Ile taratibu iliniogopesha kuliko bunduki.

“Iko pikipiki tu?” akauliza.

“Iko pikipiki tu, mukubwa.”

“Na weye unajua hii tangu jana, batu banalala porini na batoto?”

Nilitazama viatu vyangu. Akaamuru Patrice aachiliwe, bomba lirudishwe leo hii, na kesho mimi mwenyewe, kwa pikipiki hiyohiyo, niende hadi Lweba nikawaite watu warudi. Nikiuliza kama naweza kwenda kwa miguu, atanifunga.

Patrice alitoka bila mkanda, jicho limevimba. Hakunipiga. Aliniuliza jambo moja: pale mtaroni, wakati tunasali, nilikuwa najua? Nikasema katikati ya sala. Akafikiri. Akasema basi msamaha nilioutoa kabla ya hapo anauchukua, lakini wake kwangu utasubiri.

Jumapili, tarehe 9

Niko hai.

Patrice alikaa nyuma yangu na kipaza sauti cha kanisa. Alijitolea. Alisema hataki nibadilishe maneno njiani. Bomba Néhémie amelichomelea, sasa pikipiki inanguruma kama paka mzee. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Kila jiwe! Kila mbuzi! Darajani nilifumba macho, Patrice akanipiga kofi kwenye kaske, ile kofia yangu ngumu, nikafumbua. Nyuma yangu akaanza kutangaza:

“Rudini! Hakuna vita! Ilikuwa pikipiki ya Casimir! Casimir fundi nguo, huyu hapa!”

Kilomita zote zile. Jina langu lilifika Lweba kabla yangu.

Nilitegemea mawe. Watu walikuwa wamejaa kwenye madarasa na uwanja wa kanisa, vumbi mpaka kwenye kope. Walinitazama tu. Bibi mmoja akacheka, wengine wakafuata, halafu wengi wakalia. Mama Pulchérie alikuwa amekaa kwenye beseni lililogeuzwa, goti limefungwa. Nikamwendea kwa magoti. Akasema nisimame, nachafua suruali, na kwa jinsi anavyosikia suruali zangu hazistahimili. Sare arobaini amempa Patrice.

Aline nilimkuta nyuma ya kanisa, anamchana Merveille nywele.

“Papa Merveille,” akasema, “ulinitazama nikifunga godoro. Ulijua. Ukanyamaza?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini kushinda miye nilivyoogopa?”

Alirudi nyumbani kwa miguu pamoja na mama yake. Hakutaka kupanda. Nikaisukuma pikipiki pembeni yake njia yote, na karibu na Baraka aliweka godoro kwenye kiti cha mahameli. Akaendelea kutembea.

Jumatano, tarehe 12

Aline ameanza kunisalimia. Soko limejaa. Wateja wawili wameniletea viraka.

Nimetafakari kwa kina siku hizi tatu. Nimejifunza mengi. Kosa lilikuwa sauti. Sauti ni jambo la hatari, watu hawaipendi. Ni wazi kabisa, sijui Néhémie alikuwaje hata akakubali kulikata lile bomba.

Lakini tatizo langu bado lipo: watu hawajitengi barabarani. Jana nilimkosa mbuzi kwa unywele, nikalala na homa. Nikawaza, ni gari la nani ambalo Baraka nzima huliachia njia bila honi wala kelele? Nililiona pale kambini. La basoda.

Rangi! Ni rangi tu! Madoa ya kijani na kahawia, pikipiki nzima, kaske yangu pia, na koti nitalishona mwenyewe. Nitapita kimyakimya. Hakuna atakayeshtuka.

Rangi nimeshainunua, Néhémie hataki hata kuliona kopo. Nitapaka mwenyewe. Keshokutwa itakuwa imekauka, na keshokutwa ni soko.