Karamu ya Mwisho Kwenye Ukuta wa Dutwa

Jumatatu, 4 Agosti
Bahati imeniangukia mimi, Jilala, mchora vibao vya maduka hapa Dutwa. Wageni kutoka Italia watakuja Jumapili kwenye kigango chetu cha mlimani, na watachagua mtu mmoja akaone mji wao. Kalenda waliyotuma ninayo. Mji mzima umekaa juu ya kilima. Ngome ya mawe juu kabisa, kanisa chini yake, na kuta za kanisa zimejaa watakatifu. Sisi kilima tunacho, kanisa tunalo. Tumekosa watakatifu tu. Nitawachora. Italia nakwenda mimi, si Fredrick, mwalimu wa kwaya, ambaye ameshaanza kuulizia bei ya koti.

Jumanne, 5 Agosti
Mama Philomena, mwenyekiti wa kigango, amenikatalia ukuta wa ndani. Eti alishamwona simba niliyemchora saluni. Nimepewa wa nje, upande wa njia. Nitachora Karamu ya Mwisho.
Chokaa ghali. Nimekwenda mbugani kuchota udongo mweupe, bure kabisa. Mzee Mayige alikuwa analisha pale. Nikamwamkia mwangaluka vizuri, akanijibu kwamba huo ni udongo wa chumvi, ng'ombe wake wanaulamba. Nilimwambia sanaa aniachie mimi.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimesoma kwenye simu kwamba Waitaliano wa kale walichanganya rangi na kiini cha yai. Nimebeba trei ya mayai ya Minza, mke wangu. Amesema nitayatapika.
Petro nimempa sura yangu, na ndevu nzuri kuliko zangu. Yuda nimempa sura ya Fredrick, mpaka pengo la jino. Mayai yaliisha kabla sijamfikia, nikampaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kibao cha bucha. Mayai hastahili.

Jumapili, 10 Agosti
Balaa. Nimefika alfajiri, ng'ombe wa Mayige wamejipanga kwenye meza ya Bwana. Wanalamba. Mitume hawapo. Yesu hayupo. Dume jeupe lilikuwa linamalizia ndevu za Petro, yaani zangu. Rangi ya mafuta hawakuigusa, kwa hiyo amebaki Yuda peke yake, na mfuko wake wa fedha.
Nilifukuza ng'ombe, watu wakaanza kufika. Mama Philomena akauliza nani kafanya uchafu huu. Nikasema kazi yangu imefutwa usiku, na huyo aliyebaki kajichora Fredrick mwenyewe. Katekista akauliza, nikaapa. Minza akauliza huku anazitazama kucha zangu zenye rangi. Nikaapa tena.
Wageni wakapanda. Kiongozi wao, bibi wa fimbo, mtaalamu wa picha za makanisani, alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Kisha akalia. Mkalimani akasema kwamba kwao kila kilima kina kanisa na kila kanisa lina karamu hiyo, ila bibi hajaona mchoraji aliyethubutu kumwacha msaliti mezani peke yake, wenzake wote wameondoka. Akataka kumjua.
Mama Philomena akamwonyesha Fredrick. Akasema Jilala ndiye shahidi.
Niliruka mbele nikasema ni mimi. Mama Philomena akaniambia nisiongeze dhambi siku ya Bwana. Fredrick hakukana. Aliinamisha kichwa kinyenyekevu, mshenzi yule, na bibi akamkumbatia. Anakwenda Italia.

Jumatano, 13 Agosti
Fredrick kanunua koti. Analivaa sokoni, juani. Nimeumia.
Lakini kosa langu nimeliona. Wageni wanampenda Yuda, na mimi nikajichora Petro. Mwakani wanarudi. Jana nimeshachota udongo mwingine mbugani. Mayige anasema ng'ombe sasa wanaujua ukuta ule na hawatausahau. Ana wivu tu.
Safari hii Yuda nitakuwa mimi. Na rangi ya bucha simpaki. Nimeshaona Minza anapoficha mayai. Huyu anastahili.