Malalamiko Kuhusu Namna Mnavyomlilia Joël

Ganshoren, Jumatano

Kwa Papa Lucien Kazadi,
Rais wa Chama cha Mashabiki wa Joël wa Mitambo,
kwenye saluni yake ya kunyoa, Saint-Josse.

Papa Rais,

Pokea heshima zangu, pamoja na pole. Mimi ni Maman Viviane Kyungu, mzaliwa wa Likasi, msaidizi wa wagonjwa miaka ishirini na miwili katika hospitali moja ya Jette, na sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Naishi ghorofa ya pili. Marehemu Joël Ngoie, mpiga saksafoni wa kundi la rock la Mitambo, aliishi ghorofa ya tatu, juu ya kichwa changu, kwa miaka kumi na minne, mpaka alipofariki mwezi uliopita.

Tangu mazishi, mashabiki wako wanakusanyika kila siku saa kumi na mbili jioni mbele ya mlango wetu, na mishumaa, na maua, na redio. Sipingi watu kulia. Napinga wanavyolia. Naomba unisome kwa utaratibu.

1. Wanalia mahali pasipo pake. Ule wimbo wake mkubwa ukipigwa redioni, wote wanaangua kilio saksafoni inapoingia. Bon, hapo hakuna cha kulilia; hapo Joël alikuwa bado anapasha vidole moto. Pa kulilia ni mbele kidogo, pale anaposhuka taratibu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kwenye diski sehemu hiyo waliikata. Mimi nilikuwa naupata wimbo mzima, kupitia dari.

2. Dada Carine anazimia. Anazimia kila siku, Papa Rais, na kila siku upande ule wenye watu wa kumdaka. Anayezimia kweli hainui mkoba wake juu usiguse maji ya mvua. Jumamosi nilishuka, nikampima mapigo ya moyo palepale kwenye lami: soixante-douze, sabini na mbili. Mimi mwenyewe, kwa kupanda ngazi tu, nafika quatre-vingt-dix, tisini. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akafungua jicho moja, akasema, "Maman, uniache nilie muntu yangu." Wake tangu lini?

3. Picha. Mmebandika mlangoni picha ya mwanamume mwenye koti la ngozi na miwani myeusi. Huyo simjui. Joël ninayemjua mimi alikuwa anatoa takataka amevaa sweta la dada yake na soksi zisizofanana. Nilipoeleza haya, bwana mmoja aitwaye Noé alinijibu mbele ya watu wote: "Maman, weye haukumujua Joël." Nilirudi juu, nikakaa jikoni, na koti bado mwilini.

4. Huyo huyo Noé ana saksafoni. Anaanza ule mshuko, aliousikia kwenye tamasha, anafika noti ya nane, anakwama. Siku tatu nilivumilia. Siku ya nne nilifungua dirisha, nikamwimbia noti ya tisa, kusudi amalize aende zake. Hakwenda. Watu walipiga makofi. Sasa kila jioni wanainua vichwa wananingoja, na mimi, mama wa kwaya, nalazimika kuwa dirishani, nimevaa vizuri, tangu saa kumi na moja na nusu.

5. Hakuna hata mmoja wenu anayejua Joël alikuwa anapumzika kwenye kidato cha ngapi cha ngazi, akipanda na saksafoni yake. Mwanzoni cha kumi na nane. Halafu cha kumi na mbili. Mwishoni cha sita. Nilikuwa nahesabu nyuma ya mlango. Nilimwambia aende hospitali, nikasema nitamsindikiza. Akanijibu: "Maman Viviane, niko na concert samedi. Tutaenda lundi." Concert ya Jumamosi aliipiga. Alifariki dimanche, Jumapili, kabla ya Jumatatu yetu.

Donc naomba yafuatayo. Kwanza, kuanzia sasa asimlilie Joël mtu asiye na cheti, na cheti nitatoa mimi. Waombaji wapande kwangu watatu watatu, wavue viatu, wajibu maswali matano. Kwa kuwa sitaki ionekane natesa watu, nitapika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki kwa atakayefaulu. Atakayeshindwa atakula bila samaki, na atarudi kesho yake. Carine atafanya mtihani wake amekaa.

Pili, kwenye misa ya siku arobaini, kiti cha mbele kilichoandikwa "famille", yaani cha familia, kiwe changu. Hakuna aliyelala karibu naye kuliko mimi. Tulitenganishwa na dari tu.

Tatu, mkiona masharti haya ni mazito, basi mkusanyiko uvunjwe, kila mtu alie nyumbani kwake, na mtaa wetu urudie utulivu uliokuwa nao.

Nakuachia uamuzi, Papa Rais, nikijua wewe ni mtu wa haki. Nisalimie Maman Rais, na wateja wako wote, hata wale waliobaki na nywele chache, na watu wa Likasi walioko Saint-Josse, na Noé pia.

Wako katika msiba,
Maman Viviane Kyungu

N.B. Barua hii imekaa mezani siku nne kwa kukosa stempu. Tangu Alhamisi hakuna aliyekuja. Nilidhani ni mvua. Leo jirani wa ghorofa ya chini ameniambia, tena anacheka, kwamba aliita polisi kwa ajili ya makelele, nao wakawaomba muende kwingine. Papa Rais, mtu anawezaje kukosa moyo kiasi hicho? Nimegonga milango yote kumi na mmoja ya jengo hili na kupata sahihi tisa za kuomba mrudi. Kwenye karatasi ya kuomba kibali cha mkusanyiko wanauliza mwombaji alikuwa nani kwa marehemu. Niliandika "voisine", jirani, nikafuta. Nikaandika "fan", shabiki. Kwa hiyo mtihani umefutwa, mje kesho wote, na uniletee kadi ya chama, nisije nikawa nimesema uongo kwa serikali. Viviane inaandikwa kwa V mbili.