Mlezi Mkuu wa Makomeo

Umma wote wa Waitoroa na vitongoji vyake unajulishwa kwamba Chama cha Wapenzi wa Bunduki za Komeo kimekomesha, kabisa na kwa kudumu, tatizo la wawindaji kusahau makomeo nyumbani. Naandika haya mimi Nev Halkett, katibu wa chama, na nilikuwepo tatizo lilipokomeshwa.

Kwa asiyejua, komeo ni kile chuma chenye mkono unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele ili risasi iingie na mlango ufungwe nyuma yake. Bila komeo, bunduki ni fimbo tu, tena ya bei mbaya. Kwa ajili ya usalama bunduki zetu hulala kabati hili na makomeo yake kabati lile, kama mke na mume walionuniana, na rubani wa helikopta hapakii bunduki yenye komeo ndani. Ndiyo maana kila mwaka, msimu wa kulungu dume kunguruma ukifika, hakosekani mtu katika Kisiwa chetu cha Kusini anayetua juu milimani na bunduki yenye tundu mgongoni.

Mwaka jana mtu huyo alikuwa wa kwetu. Trev Pohatu, mkata manyoya ya kondoo, alikaa kibandani wiki nzima akiliwa na visubi, madume wakimngurumia hadi mlangoni. Wenzake walicheka. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Lachlan Purvis, hakucheka. Mwenyekiti alistaafu ukuu wa idara ya mifereji, na mtu aliyesimamia mifereji huona mbali.

Lazima niseme neno kuhusu bunduki ya Mwenyekiti, maana ndiyo roho ya chama. Kitako chake ni cha mti wa jozi, kina mawimbi ya hudhurungi ambayo ukiyatazama sana unasahau ulichokuja kufanya. Mtutu haugusi mti popote. Unapitisha karatasi katikati yake kuanzia mdomoni hadi kwenye chemba ya risasi. Komeo lake linateleza kama mlenda kooni. Niliruhusiwa kulisukuma mara moja, nikiwa nimevaa glavu, na sioni haya kusema nilitokwa na machozi. Mwenyekiti ameiseti bunduki hiyo kwa miaka tisa, leo darubini, kesho kifyatuo, na haijawahi kumlenga mnyama yeyote kwa sababu bado haijakaa sawa.

Basi likatolewa azimio. Makomeo yote yakabidhiwe kwa Mlezi Mkuu wa Makomeo, cheo ambacho Mwenyekiti alijipendekezea, akajiunga mkono, akajishukuru. Mwanachama atakayeambiwa aonyeshe komeo lake huko milimani akashindwa, papo hapo anapoteza cheo, kura na ruhusa ya kushika bunduki kwa mwaka mzima. Trev, ambaye adhabu hiyo ilihesabiwa tangu kosa lake la mwaka jana, hivyo ingeisha adhuhuri ya siku ya safari, angekuja kama mpishi, bila bunduki. Jioni yake tungeketi kibandani kuamua kama arudishwe chamani au afukuzwe kabisa. Mpaka hapo, asitamke neno "komeo."

"Na Mlezi Mkuu akisahau je?" aliuliza Barry Wakelin, ambaye amezoea kuuliza.

"Ndugu Barry," Mwenyekiti alimjibu kwa upole, "mtu husahau. Taasisi haisahau."

Ngaire, mkewe Barry, alimkanyaga mguu mumewe asiendelee. Hao wawili hawajakubaliana tangu waoane. Mke anaapa kwa risasi ya mbili-sabini, mume kwa tatu-sufuri-nane, na wageni wao hulishwa ubishi huo kabla ya chai.

Trev alinifuata nje baada ya kikao. "Nev, ndugu yangu, nikifukuzwa ndiyo basi, lile bonde tunalowindia silikanyagi tena. Mwezi ujao mama anatimiza themanini. Ametangazia ukoo mzima kwamba watakula kulungu kutoka tanuri la ardhini, na kwamba nyama ataileta mwanawe. Nitaweka wapi uso wangu?"

Nilimhurumia kwa dhati, nikamshauri aandike barua.

Mlezi Mkuu alitengenezesha sanduku. Lilikuwa la mbao zilizong'arishwa, pembe za shaba, ndani mahameli ya kijani iliyokatwa vishimo kwa umbo la kila komeo. Asubuhi ya safari tulikusanyika kwenye shamba ambako helikopta hutua, tukalipigia makofi. Kwa kuwa lilikuwa sanduku la heshima, halikuweza kuwekwa chini pamoja na magunia ya viazi. Mwenyekiti aliliweka juu ya boneti ya gari lake, kila mtu alione.

Tukapakia. Panga la helikopta likaanza kuzunguka. Trev alikuwa amesimama na gunia la vitunguu, macho kayakodoa nyuma yetu.

"Mwenyekiti, lile pale—"

"Trev. Azimio."

"Sijalitaja! Nasema lile sanduku—"

"Sanduku ni makazi ya hicho kitu. Ukitaja nyumba umemtaja mwenye nyumba. Panda."

"Nev, tafadhali, wewe geuka tu uangalie!"

Nikamkumbusha kwamba katibu haangalii anakooneshwa na mtuhumiwa. Tukapaa. Kule chini niliona kitu kinametameta kwenye boneti, nikakichukulia kuwa dalili njema.

Kibanda chetu kiko kwenye kona ya mto, chini ya msitu. Mchana ule tulifanya yale tunayoyapenda kuliko kuwinda kwenyewe, yaani tulizitoa bunduki kwenye mifuko na kuzisifu. Ngaire aliusifu mkanda mpya wa Barry kwa namna iliyomkera. Barry aliishika darubini ya Ngaire na kusema inamfaa mtu anayetafuta nyota. Dume mmoja akanguruma kule msituni, sauti nzito kama ya gari bovu linalopanda mlima, na sote tukaweka bunduki chini kusikiliza. Hata Mwenyekiti alifumba macho.

Jioni kikao kikafunguliwa. Trev alikuwa jikoni, umbali wa hatua moja, akikoroga viazi na vitunguu. Nyama hatukubeba, Mwenyekiti alisema kubeba nyama ni kutoiamini bunduki.

"Ajenda ya kwanza," alisema Mwenyekiti. "Kila mjumbe aonyeshe komeo lake kabla ya kuketi kumhukumu mwenzake. Katibu, sanduku."

"Liko kwa Mlezi Mkuu," nikasema.

"Mlezi Mkuu alidhani amelipakia katibu."

"Azimio linasema asiliguse yeyote isipokuwa Mlezi Mkuu."

Mwenyekiti akapekua begi lake. Akapekua langu. Akafunua sufuria.

"Mnatafuta nini?" Trev akauliza.

"Kile kitu," alisema Mwenyekiti.

"Kitu gani?"

"Unakijua."

"Siruhusiwi kukijua, mzee."

Ngaire ndiye aliyeanza kucheka, akajificha nyuma ya bakuli. Trev akafuta mikono kwenye aproni, akatia mkono mfukoni, akaweka mezani komeo. Lilikuwa lake, ambalo hakuna aliyekumbuka kumdai. Lilikuwa na makombo ya biskuti na nyuzi za manyoya ya kondoo. Tangu aibu ya mwaka jana hakuwahi kuachana nalo. Alilala nalo chini ya mto hadi mkewe akahamia chumba cha pili.

"Ajenda ya kwanza, siyo?" akasema. "Hili hapa langu."

"Tulitie kwenye bunduki ya Mwenyekiti!" Barry akaruka.

"Wewe! Thubutu!" mkewe akamkemea. "Komeo na mtutu hupimwa pamoja. Utaazima na meno ya bandia ya jirani?"

Kwa mara ya kwanza Barry akakubaliana na mkewe. Nami, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikasoma azimio kwa sauti. Atakayeshindwa kuonyesha, papo hapo. Mwenyekiti akapoteza cheo. Ngaire akapoteza kura, Barry akapoteza kura, nami nikajisomea msiba wangu mwenyewe bila kutetemeka. Adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita, na adhabu ya Trev nayo. Chama kizima kilibaki na mtu mmoja mwenye haki zake zote, naye alikuwa ameshika mwiko.

Trev akajipigia kura kwamba asifukuzwe. Akapita bila kupingwa. Kisha akagombea uenyekiti, akapita vilevile.

"Nev abaki na ukatibu," akasema. "Anajua kuandika."

Napenda ieleweke kwamba sifa za uongozi za Mheshimiwa Pohatu nilikuwa nimeziona siku nyingi.

Amri yake ya kwanza ilikuwa Purvis azungumze kwa redio. Kila jioni vibanda vyote vya milimani husikiliza masafa mamoja, na kituoni hukaa Bi Glenys, ambaye huwauliza watu hali zao na kuwasomea hali ya hewa. Akisemacho mmoja, wote wanakisikia.

"Kituo, hapa kibanda cha Kona ya Mto," alianza Purvis. "Tumekabiliwa na changamoto ya kimfumo katika mnyororo wa ulinzi wa vifaa."

"Sijakuelewa, baba. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Ni kwamba vipengele vya kufungia havikuambatana na msafara."

Redio ikakoroma kidogo.

"Lachlan," alisema Bi Glenys, "mmesahau makomeo?"

"Baadhi."

"Mangapi?"

Purvis alinitazama. Nilitazama dari.

"Yote," akasema.

Kibanda fulani cha mbali kikaomba kwa adabu ujumbe urudiwe, kwa kuwa hakikusikia vizuri. Kingine kikaomba hivyo hivyo. Purvis aliurudia hadi betri ikachoka.

Mvua ilizuia helikopta hadi Ijumaa. Siku zote hizo yule dume alikuja asubuhi kwenye rundo la kuni, akajikuna pembe, akatutazama. Purvis alimwangalia kwa darubini ya bunduki yake kupitia dirishani. "Amekaa katikati kabisa," alikuwa akinong'ona, kisha anarudi kumenya viazi, maana hiyo ndiyo ilikuwa amri ya pili. Nilimwonea huruma kweli. Miaka tisa ya kuiseti, na mnyama kamfuata hadi nyumbani.

Ijumaa rubani, aliyelihifadhi, akalishusha sanduku, safi, halijapata hata tone. Wasiokuwa na ruhusa ya kushika bunduki tulikuwa wanne. Aliyekuwa na ruhusa hakuwa na bunduki. Trev akapitisha macho kwenye rafu, akachukua ile ya mti wa jozi, na kutoka kwenye mahameli akachukua komeo la bunduki hiyo hiyo.

"Trev," alisema Purvis, "hiyo bado haijakaa sawa."

"Itakaa tu, mzee."

Akatokomea msituni. Tukasikia mlio mmoja, basi. Alirudi ameinama kwa uzito wa nyama, bunduki ikiwa na tope hadi kwenye darubini, na kwenye kitako mchubuko wa jiwe mrefu kama kidole. Purvis aliupapasa mchubuko ule kwa kidole gumba.

"Ulipofyatua ilirukaje?" akauliza taratibu. "Begani. Ilirukaje?"

Trev akaketi, akamsimulia yote, upepo ulikotoka, mahali dume alipogeuka, kifyatuo kilivyoachia. Purvis alisikiliza huku anakata vitunguu. Alikuwa analia, nasi tukakubaliana bila kusemezana kwamba ni vitunguu.

Tangu hapo kila mwanachama hubeba komeo lake mwenyewe, mfukoni, na tatizo limekwisha kama nilivyotangaza. Sanduku tulimpa mama yake Trev siku ya themanini zake, awekee vijiko. Alikula kulungu, akasifu, akauliza ni bunduki gani iliyomwangusha.

Purvis akasimama mbele ya ukoo mzima, kifua mbele. "Yangu, mama."

"Hongera, mwanangu," alisema bibi. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Purvis akatafuta neno la kiofisi, akalikosa.

"Nilikuwa namenya viazi," akasema.