Mpango wa Kumkalisha Mama

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeamua. Wiki hii Mama atakula amekaa! Kutwa nzima anapiga pasi mashuka ya hospitali akiwa wima, na akirudi nyumbani anakula wima vilevile, sahani mkononi, mgongo kwenye sinki. Nimemuuliza kwa nini. Akasema mwanangu, nikikaa sinyanyuki, na vyombo atanioshea nani? Hoja nzito. Lakini chakula kitamu humkalisha mtu chenyewe. Mwalimu wa mapishi ametufundisha kimoja chepesi: soseji, mchicha, na unga wa mahindi uliopikwa laini kwa maziwa na siagi. Onyo ni moja tu. Usiache kukoroga.

Jumanne, tarehe 5

Nimechanja soseji ncha zote mbili. Zikikaangwa zinachanua kama maua. Kisha nikakoroga. Mvuke ukapanda dirishani, na ndani yake nikamwona Mama kwenye kiti chenye mto, miguu juu ya kigoda, akisema niongezee kidogo. Nikamwongezea. Halafu harufu. Kimeungua! Kaka yangu mkubwa, tunayemwita Profesa kwa kuwa hajakosea tangu azaliwe, akauliza kama leo tunakula au tunaziba paa kwa lami. Nikakwangua sufuria haraka na kutupa ushahidi kabla Mama hajafika.

Mama alikula. Wima.

Jumatano, tarehe 6

Leo sikuota. Nilimwaga unga wote kwa mpigo ili nimalize kabla ndoto haijanikuta. Mabonge matupu! Profesa akayahesabu kwa sauti, kubwa kuliko yote akalipa jina langu. Mama akamwambia amwache dada yake, hata yeye alizaliwa bonge. Nilicheka mpaka nikasahau mchicha ulikuwa jikoni. Umebaki kijiko kimoja.

Mama wima.

Alhamisi, tarehe 7

Profesa amepika yeye, kunionyesha. Inauma kuandika: laini kama hariri. Akavuta kiti, akainama kama mhudumu wa hoteli. Mama akasema asante baba, akaweka mkoba wake kwenye kiti hicho, akala wima. Nilifurahi kwa namna isiyofaa kuandikwa. Nimeiandika.

Ijumaa, tarehe 8

Robo saa nzima, mambo shwari. Soseji zimechanua, mchicha kijani kibichi, kitunguu saumu kinanukia mpaka kwa jirani. Halafu mvuke. Safari hii Mama alikuwa anacheka ndani yake, sikuwa na moyo wa kumkatiza. Kimeungua tena! Na hatua zake tayari ziko uani! Nikapakua cha juu, sufuria nikaisukuma chini ya sinki, nikaifunika kitambaa.

Mama akasimama mlangoni, akanusa. Akauliza, kuna ukoko? Nikakana. Akaifuata pua yake hadi chini ya sinki. Akavuta kigoda. Akakaa. Akakaa! Sufuria mapajani, anakwangua kwa kijiko kama mtoto mdogo. Akasema Bibi alikuwa akimwachia ukoko wote kwa sababu yeye Mama ndiye aliyekoroga, na tangu aolewe hajaulamba. Profesa akaomba kidogo. Akaambiwa aunguze wake. Tukakaa sakafuni kando yake, sahani magotini, yeye akisimulia mpaka dirisha likawa samawati. Vyombo aliosha Profesa, bila kutumwa.

Jumamosi, tarehe 9

Nimetafakari kwa makini, kama tunavyofundishwa. Kilichomkalisha Mama ni zile soseji za maua. Sufuria ilikaribia kuharibu kila kitu, ni huruma yake tu iliyoniokoa. Haitatokea tena, naapa. Kuanzia Jumatatu mwiko atashika Profesa, maana yeye haunguzi, mimi nitabaki na maua.

Nimeisugua sufuria mpaka naiona sura yangu. Hakuna hata alama ya ukoko. Mama alisimama wima mlangoni akiniangalia, akashusha pumzi ndefu.

Nadhani ni fahari.