Jiko la Vaileth Lawekwa Chini ya Himaya

Mwenyekiti Dunstan aliigonga maikrofoni, akatangaza rasmi kwamba kuanzia Jumapili ile jiko la ukumbi wa jumuiya ya Waswahili wa Oxon Hill, Marekani, pamoja na masufuria yake, harufu zake na wakazi wake, limekuwa Eneo Tegemezi la Biashara chini ya himaya ya Kamati Kuu.

Wakazi wenyewe walikuwa mmoja: Vaileth, mtu wa Mbeya, mpole wa sauti, aliyeuguza wazee Fairfax siku za kazi na kuuza sambusa jikoni mle siku za kikao. Kosa lake ni kwamba sambusa zikianza kunukia, ukumbi wote humwagikia jikoni, na hotuba ya Dunstan hubaki ikisikilizwa na viti. Dola gani duniani ingevumilia?

"Hakuna kuuza mpaka nimalize kuhutubia," alifafanua. "Na sinia la kwanza ni la Kamati. Ndio utaratibu wa kimataifa."

Vaileth akajifuta unga mikononi. "Sawa, Mwenyekiti. Na nyie wakoloni mtatufanyia nini?"

Neno wakoloni halikumpendeza, lakini watu walikuwa wanamtazama, na Dunstan akitazamwa huwa hajizuii. "Dola Mama hubeba majukumu yote! Miundombinu, ulinzi, ustawi wa jamii..."

"Yote?"

"Yote, mama!"

Ukumbi ukapiga makofi. Kipkemboi, katibu wake Mkenya, akamnong'oneza, "Chair, hapo umejichoma." Dunstan akaona ni wivu tu.

Jumapili iliyofuata, Dunstan ndiyo kwanza ameanza kuhutubia, Vaileth akachungulia mlangoni. "Samahani, Mwenyekiti. Sinki limeziba. Miundombinu."

Dunstan akavua koti. Aliporudi ananuka kitunguu, hakuna aliyekumbuka hotuba ilikuwa imefikia wapi, yeye mwenyewe akiwemo.

Kisha ikaja zamu ya ulinzi. Watoto pacha wa Vaileth walihitaji kulindwa mama yao akikaanga, lakini wao ndio waliomlinda Dunstan, wakimwamuru kwa Kiingereza awabebe mgongoni kuzunguka maegesho. Ustawi wa jamii nao ulikuwa gunia la vitunguu na kisu butu. Vikao vikawa vifupi, watu wakazidi kuja, na Kamati ikampongeza kwa maono yake.

Yeye mgongo ulimuuma. Hotuba aliyoiandika kwa wiki nzima ilimlowea mfukoni, wino ukachafua shati. Siku moja, mikono ikiwa ndani ya povu hadi viwiko, uvumilivu ukamwishia.

"Vaileth, nakupa uhuru. Kamili. Leo leo, bila masharti."

Vaileth akatumbukiza sambusa kwenye mafuta, akazitazama zikipiga kelele. "Tunashukuru sana, Mwenyekiti. Ila sisi bado hatujakomaa kujitawala."

"Mmekomaa! Mbona mnajiweza kabisa!"

"Aa, tusiharakishe. Pengine miaka ijayo, baada ya maandalizi. Kwa sasa tufundisheni kwanza kuosha masufuria. Tunawaangalia mnavyofanya, tunajifunza."

Dunstan akachomoka jikoni na aproni yake, akasimama katikati ya ukumbi, akainua ngumi inayochuruzika povu.

"Uhuru!" akapaza sauti. "Uhuru, ndugu zangu!"

Midomo ilikuwa imejaa. Watu wakamtazama kwa huruma, wakaendelea kutafuna. Ni Kipkemboi peke yake aliyeitikia, akinyoosha kibakuli kitupu.

"Chair, pilipili imeisha huku."

Dola Mama ikageuka, ikaenda kuileta.