Profesa, Mimi Sina Chama

Kwa Profesa Ingrid Haugland,
Idara ya Sayansi ya Siasa.

Mheshimiwa Profesa,

Pokea salamu za Elk Prairie, Wisconsin. Mimi ni Vernon Tollefson, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, mmoja wa wale mliowahoji kwa simu kuhusu siasa. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa damu inanichemka.

1. Katika utafiti wako umeandika kwamba wapiga kura wanaojiita huru, wengi wao huchagua chama kilekile maisha yao yote. Mimi ni huru, Profesa. Kila uchaguzi nawapima wagombea mmoja mmoja bila upendeleo. Ni bahati mbaya tu kwamba kwa miaka arobaini upande ule mwingine haujawahi kuleta mtu mwenye akili timamu. Hilo nalo ni kosa langu?

2. Unadai kwamba rais tunayempenda akiapishwa, sisi huona uchumi umepona siku hiyohiyo. Lakini ulipona kweli! Nilikuwepo. Hata mke wangu Marlys, asiyefuatilia siasa, alisema, "Vern, mbona kahawa ya leo imekolea?"

3. Hili ndilo linaloniuma. Mliniuliza kama ningekerwa mwanangu akiolewa na mtu wa chama kingine. Nikajibu, "Sana!" Nilijibu kwa sauti, maana simu ilikuwa inakwaruza, kumbe binti yangu Marit yuko jikoni na mchumba wake, Garrett, mwenye bango la kampeni la wale wengine mbele ya nyumba yake. Marit akanijia juu: "Baba, huoni hata haya? Garrett kakuzolea theluji mlangoni majira yote ya baridi!" Nikamwambia, "Mwanangu, hivyo ndivyo wanavyoanza."

Sasa Marit amekata shauri. Nisipomkumbatia Garrett mbele ya watu bila kumuuliza kura yake, mjomba wake ndiye atakayemshika mkono kuingia naye kanisani siku ya harusi, Jumamosi hii, badala yangu mimi baba yake. Ni binti yangu wa pekee, Profesa. Nampenda kuliko kitu chochote.

4. Kwa hiyo naomba utangaze kuwa utafiti huo ni batili. Ukishindwa, mhoji Garrett tena na tena mpaka atoe jibu sahihi. Hilo nalo likishindikana, ihoji nchi nzima upya, ukianza na wenzangu tunaokula nao samaki wa kukaanga kila Ijumaa. Sote tuko huru, na kwa bahati nzuri tunakubaliana katika kila jambo.

Nisalimie wanafunzi wako, hasa yule binti mpole aliyenipigia simu, na wote wa nyumbani kwako.

Wako nisiyeegemea popote,
Vernon Tollefson

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, jirani yangu Duane amenipigia. Kapita mbele ya nyumba yako, kaona bango la mgombea wetu bustanini. Si ungesema mapema! Nimeusoma upya utafiti wako na nimeona ni kazi ya kina, hasa kurasa zinazowahusu wale wengine. Futa yote niliyoandika hapo juu. Jumamosi nitamkumbatia Garrett vizuri kabisa, kisha nimsomee utafiti wote mbele ya wageni, nikiwa bado nimemshikilia.