Chupa Sita za Mvinyo Uliolala

Jumatatu, 2 Februari
"Mvinyo usionyweka ndani ya miaka mitano ni jeuri ya wazee." Kasema dada yangu Huguette, mezani, mdomo umejaa jibini. Upuuzi. Kwa hoja hiyo hata mtoto mchanga ni hasara, maana hajui kulima. Mchanganyiko wangu wa mvinyo wa 1996 una zabibu za aina tatu: Merlot kwa ulaini, Cabernet kwa uti wa mgongo, na Petit Verdot ya kipande cha shamba cha babu kwa ndoto. Mizabibu ya kipande hicho Huguette anataka ing'olewe. Familia itaamua Jumapili. Nitawanywesha 1996, watanyamaza. Zimebaki chupa sita. Zinatosha kabisa.

Jumanne, 3
Nimefungua moja, kuhakiki tu. Kimya. Harufu ya kabati lililofungwa. Haujafa, umelala. Mvinyo mkubwa hulala miaka, kisha huamka siku moja bila kumwarifu mtu. Huguette kapita, kanusa, kaniuliza: kaka, umelala au umezikwa? Nimemjibu kwa hoja tisa. Kaondoka kwenye hoja ya pili.

Alhamisi, 5
Chupa ya pili, jana: bado. Ya tatu, leo: umejigeuza usingizini. Nadhani. Ukungu wa mtoni umepanda hadi mizabibuni, wapogoaji wanachoma matawi, moshi mtamu. Niliketi na glasi nikamwona marehemu babu akipita kati ya mistari ya mizabibu, mikono nyuma, kama anayetafuta kofia yake. Alikuwa ameivaa. Sikutaka kumsumbua.

Ijumaa, 6
Shangazi Léontine, ambaye neno lake ndilo la mwisho, kauliza mbona nashinda kwenye ghala la mvinyo. Utafiti, nikamwambia. Akasema: mwanangu, aliyepanda mbegu haifukui kila asubuhi kuona kama imeota. Hoja kali. Nitaitumia dhidi ya Huguette.
Ya nne. Karibu sana.

Jumamosi, 7
Ya tano. Umefumbua jicho moja. Au ni nyama niliyochoma kwa matawi ya mizabibu iliyonidanganya. Siwezi kuipeleka familia yangu mbele ya mvinyo wa kubahatisha.

Jumapili, 8
Wenzangu wako kanisani. Nimefungua ya sita, kuhakikisha.
Umeamka.
Waridi lililokauka ndani ya kitabu. Ngozi ya tandiko. Mvua ya mwaka ule, ile iliyotutisha wakati wa mavuno, sasa imekuwa tamu. Nilikusudia tone moja. Babu alirudi, safari hii bila kofia, tukaketi. Kengele ilipolia, chupa ilikuwa tupu.
Niliiweka mezani hivyo hivyo. Huguette akasema: kaka, shahidi wako umemmeza. Shangazi aliinua chupa, akanusa shingo yake, akafumba macho hadi supu ikapoa. Kisha akatoa hukumu. Kipande cha babu kitabaki. Na ufunguo wa ghala apewe Huguette.
Nimeshinda, basi. Hiyo nusu ya pili, ya ufunguo, ni wivu tu.

Nyinyi wapwa zangu, na watoto wenu mtakaoirithi nyumba hii: mchanganyiko wa mwaka huu msiuguse kwa miaka thelathini. Asifungue mtu hata chupa moja. Jifunzeni subira kwangu. Dirisha dogo la ghala, upande wa mtoni, komeo lake limevunjika, msilitengeneze. Nitapitia hapo Jumanne, kuhakiki.